Kilo Saba Mbele ya Kantini Nzima

Jumatatu, 11 Machi

Masika yameanza leo alfajiri, na mimi nimeanza kuchekwa saa nne asubuhi.

Nieleze vizuri. Ijumaa daktari wa mifupa aliitazama picha ya goti langu la kulia, akasema linapasulika, litapona, nitasimama tena bila kushika meza. Nikashukuru. Ndipo akanitazama mimi mzima, kuanzia kilemba mpaka viatu, akasema hanipasui nikiwa na kilo mia moja na mbili. Nishuke mpaka tisini na tano. Nafasi yangu ameiweka tarehe ishirini na tisa Mei. Nikifika siku hiyo nimezidi, anampa mwingine, mimi nisubiri mwaka ujao. Mwaka ujao! Kwa goti hili sifiki mwaka ujao nikiwa nimesimama, na mpishi asiyeweza kusimama ni mgeni tu jikoni.

Mimi ni mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha magodoro. Sahani mia tatu kila mchana, masufuria sita, miaka kumi na tisa. Msaidizi wangu ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Nilimwombea kazi hii kwa mdomo wangu mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita, alipoachika akawa hana pa kushika. Wazo la ubao ni lake. Alisema nikijificha nitajidanganya. Niandike kila ninachokula palepale kwenye ubao wa menyu, chini ya chakula cha siku, na kila aliye kwenye foleni asome. Nikiwa na watu mia tatu wa kunisuta sitathubutu kuongeza hata kipande cha mkate. Nikaona ana akili. Nilimshukuru hata, Mungu anione.

Kumbe ubao bila mizani ni porojo. Na mizani ya kiwanda ni moja tu, ya stoo, ya kupimia magunia ya mchele. Nikapanda. Bwana Stoo, ambaye sijawahi kumsikia akinong'ona, akasoma kwa sauti ileile anayosomea magunia: "Mia moja na mbili! Pitisha!" Foleni ya chai ikaangua kicheko. Wifi akaandika ubaoni kwa chaki, tarakimu kubwa kama za bei.

Daftari hili nimepewa na binti yangu. Ameniambia ubaoni niandike chakula, humu niandike hasira. Kaninunulia la kurasa mia mbili. Anamjua mama yake.

Jumanne, 12 Machi

Ubaoni: Uji kikombe kimoja, bila sukari. Wali nusu kikombe, maharage upawa mmoja, kabichi. Jioni chai kavu na ndizi mbili.

Mvua. Njaa.

Alhamisi, 14 Machi

Bwana Stoo kanikuta nimeinamia sufuria ya maharage, kijiko kiko mdomoni. Akaniuliza kama na hicho nitakiandika. Nikamwambia akahesabu magunia yake.

Kuonja si kula. Kuonja ni kazi. Dereva akiwa kwenye usukani hasemi amesafiri. Jiko langu lina sheria moja, nayo niliirithi kwa mpishi aliyenifundisha: kijiko cha kuonjea ni kimoja, kinakaa mfukoni mwa aproni ya mpishi mkuu, na hakuna ulimi mwingine unaogusa sufuria kabla ya wake. Uji wa asubuhi ukikosa sukari ni mimi. Mchuzi ukizidi chumvi ni mimi. Hata ukoko wa wali naubandua mwenyewe nionje kama moto ulizidi. Miaka kumi na tisa chumvi ya kiwanda hiki inapita juu ya ulimi wangu, na hakuna aliyerudisha sahani.

Wifi alikuwa pembeni anakata kabichi.

Jumatatu, 18 Machi

Mia moja na moja. Wakanipigia makofi. Nilicheka kama mtoto aliyefaulu mtihani, naona aibu kuandika.

Jumatano, 20 Machi

Sikujua kiwanda hiki kina madaktari wengi hivi. Wanawake wanaoshona maganda ya magodoro wameniambia ninywe maji ya moto na ndimu. Mlinzi kasema nisinywe maji kabisa wakati wa kula. Fundi wa kukata sponji, mwembamba kama uzi, anayekula sahani mbili na kuomba ya tatu, amejiteua kuwa msomaji wa ubao. Anasoma kwa sauti ili walio nyuma ya foleni wasipitwe. Leo kaniuliza mbele za watu ile ndizi ya pili ya jana ilikuwa ya nini. Nikamwambia ilikuwa ya kumwogopesha ya kwanza. Wamecheka. Nami nilicheka, lakini ndizi ya pili sikuila tena.

Binti yangu anasema nisijali, wanaotania wananipenda. Labda.

Jumatatu, 25 Machi

Mia moja na nusu. Mvua haijakatika siku tatu. Sponji zimelowa ghalani, kiwanda kizima kinanuka unyevu.

Jumatatu, 1 Aprili

Mia kamili. Wifi kanikumbatia mbele ya foleni, akasema nikiendelea hivi daktari mwenyewe hatanitambua. Kumbe mtu anaweza kuvikwa kilemba cha ukoka akakivaa na kujitazama kwenye kioo. Maana nimejitazama.

Jumatano, 3 Aprili

Ubaoni: Uji nusu kikombe. Kabichi, maharage nusu upawa. Jioni chai.

Wali nimeuacha. Goti limevimba kwa baridi.

Jumatatu, 8 Aprili

Mia na nusu.

Nimeongezeka! Nimekula kama ndege wiki nzima, nimelala na tumbo linaongea peke yake, halafu mizani inaniambia nimeongezeka. Nikamwambia Bwana Stoo mizani yake imepata kutu. Akapandisha gunia la kilo mia. Mshale ukasimama kwenye mia, kimya, hautikisiki. Watu walikuwa wanatazama kama wanatazama mechi.

Alhamisi, 11 Aprili

Meneja kapita jikoni. Si kawaida yake, huletewa chakula ofisini. Akasimama mbele ya ubao, akasoma wote, akasema anajivunia ujasiri wangu. Kisha akauliza goti. Nikamwambia tarehe. Akasema vizuri, kwa sababu ofisi imeona nashika meza muda mwingi, na kama jambo hili likivuka mwaka itabidi wafikirie. Hakumalizia watafikiria nini. Alisema kwa upole, na mimi upole wa meneja ndio unaonitisha. Wapishi wawili kabla yangu walimwaga unga baada ya kuambiwa maneno laini kama hayo.

Wifi aliniletea kiti baada ya Meneja kuondoka. Nilikisukuma kando kwa mguu ule mzima.

Jumatatu, 15 Aprili

Mia kamili. Fundi wa sponji hakusoma kwa sauti leo. Amesoma kimya, akaguna. Afadhali angesoma.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimeacha chakula cha jioni chote. Ubao wangu sasa unaonekana kama wa mfungwa: uji, kabichi, chai. Leo nimesikia wanawake wa maganda wakinong'onezana kwenye foleni. Mmoja anasema mtu hawezi kula vile akabaki na mwili ule. Mwenzake anasema usiku ana lake. Nikajitia hamnazo, nikawapakulia kama kawaida.

Usiku nina langu! Nyumbani kwangu kabati lina chumvi, majani ya chai na kiberiti.

Jumatatu, 22 Aprili

Mia na nusu tena. Bwana Stoo alisoma kwa sauti ya chini. Ni mara ya kwanza kumsikia akisoma hivyo, na imeniuma kuliko makelele yake yote.

Nilirudi jikoni kushusha wali. Nilipotoka na sufuria foleni ilikuwa imenyamaza. Ubaoni, chini ya maandishi yangu, mtu alikuwa ameandika kwa chaki: MUONGO. Hakufupisha, hakuficha. Herufi zote kubwa, zimenyooka.

Sikujua nifanye nini na mikono yangu, maana ilikuwa imeshika sufuria. Nikaiweka mezani. Nikawatazama mmoja mmoja. Watu ninaojua nani hali kitunguu, nani ana vidonda vya tumbo nimtolee mchuzi usio na pilipili, nani mkewe kajifungua nimwongezee kidogo apeleke nyumbani. Kila niliyemtazama alitazama sahani yake. Nikauliza nani kaandika. Fundi wa sponji, ambaye mdomo wake haufungwi hata kwa gundi, alikuwa anakagua kucha.

Wifi akatoka na kitambaa kibichi, akafuta. Alifuta neno lile, akaacha uji na kabichi yangu. Nikamshukuru kwa macho. Nilipakua sahani mia tatu nikiwa nimejikaza kisabuni, kisha nikaingia stoo, nikakaa juu ya gunia la mchele, nikalia mpaka Bwana Stoo akabisha hodi kwenye stoo yake mwenyewe.

Baya zaidi si neno. Baya ni kwamba nimeanza kujiuliza. Leo nilipofika nyumbani nilifungua kabati na kulikagua, mimi mwenyewe, kama mke anayekagua mifuko ya mumewe. Nilitaka kuona kama kuna mtu humu ndani anakula na mimi sina habari. Chumvi, majani ya chai, kiberiti.

Jumatano, 24 Aprili

Kana kwamba hayatoshi, jino. Limeng'olewa leo, gego la chini. Tabibu wa meno kasema nisitie kitu cha moto mdomoni siku nne, hata tone, damu isije ikafumuka. Nile mkate laini na uji uliopoa.

Nani ataonja?

Alhamisi, 25 Aprili

Nimempa Wifi kijiko. Kwa siku nne tu. Nilikipangusa kwanza kwa aproni, ingawa kilikuwa safi. Alikipokea kwa mikono miwili, akaonja maharage, akafumba macho. Nikamuuliza vipi. Akasema, bado kidogo. Nikamwambia aongeze nusu ya anachofikiri. Hakuongeza nusu. Aliongeza alichofikiri.

Hakuna aliyerudisha sahani.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua. Mkate vipande vinne, uji mara mbili. Nakula zaidi ya wiki iliyopita, na nimeandika yote ubaoni. Waite wanavyotaka.

Jumatatu, 29 Aprili

Tisini na tisa.

Bwana Stoo alinishusha akanipandisha tena. Tisini na tisa. Kilo moja na nusu ndani ya wiki moja, na nilikula mkate! Foleni ikapiga makofi, mimi sikupiga. Nilisimama juu ya mizani nikihesabu kilichobadilika, kama mtu anayetafuta ufunguo. Mkate umeongezeka. Uji umeongezeka. Kilichopungua ni nini?

Nilishuka nikiwa nimeshajua, lakini sikutaka kujua.

Jumanne, 30 Aprili

Leo nimefanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya Machi. Nilichukua kijiko kingine kinacholingana na kile changu, na bakuli jeupe. Wifi akawa anaonja. Mimi, kila pale ambapo ulimi wangu ungetaka kuonja, nilichota kijiko kimoja nikamimina bakulini badala ya mdomoni. Uji kabla ya sukari, uji baada ya sukari, uji baada ya kukoroga tena. Maharage mara saba. Mchuzi sijui mara ngapi, maana mchuzi ndio ninaoupenda. Na ukoko, kipande kwa kila sufuria ya wali, nao nikauweka kando kwenye sahani.

Kufika saa sita bakuli lilikuwa limejaa, nikatafuta la pili. Likafika nusu. Sahani ya ukoko ilikuwa na kilima. Nikavipanga mezani, nikavitazama. Hicho ndicho chakula ambacho mimi sili. Kila siku, miaka kumi na tisa, juu ya kile ninachokula. Na kwa wiki hizi za njaa naapa kilikuwa kingi zaidi, maana nilipokuwa nikionja nilikuwa naonja kwa njaa.

Nilimwita Wifi. Nikamwambia aangalie meza. Akaangalia bila kushangaa hata kidogo.

Nikamuuliza kama alikuwa anajua.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza, wifi. Bwana Stoo alikuuliza, nikiwa nimesimama hapa hapa. Ukamfukuza."

"Na ukaniacha nisutwe wiki saba?"

Alikuwa ameshika kisu cha kabichi. Akakiweka chini taratibu, ukingo kwa ukingo na ubao wa kukatia. Akaniuliza kama nakumbuka mwaka wake wa kwanza hapa, siku alipoonja uji. Sikukumbuka. Akasema yeye anakumbuka. Nilimpiga mwiko kwenye vidole mbele ya wanawake wanaoosha vyombo, na wiki nzima walimwita Ulimi.

"Miaka kumi na moja umeninyima kijiko," akasema. "Leo ulitaka mimi ndiye nikwambie ukiweke chini? Ungesema nakitaka kiti chako."

"Kwani hukitaki?"

"Nakitaka. Lakini sikukichukua. Nilingoja kijiko ukiweke chini mwenyewe."

Nikamuuliza kama ni yeye aliyeandika lile neno. Nilitaka sana awe yeye. Ningekuwa na pa kuiweka hasira yote kwa mkupuo mmoja.

"Mimi nisingeandika uongo," akasema. "Hukuwa muongo. Ulikuwa hujui tu."

Kisha akachukua kisu, akaendelea na kabichi. Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema ili nisije baadaye nikayaongeza ubaya. Hayahitaji kuongezwa.

Jumatano, 1 Mei

Sikuzungumza naye. Yeye hakuzungumza nami. Kiwanda kimefungwa, lakini walinzi wanakula, kwa hiyo tulipika wawili, kila mmoja na sufuria yake, na kijiko kimelala katikati ya meza.

Alhamisi, 2 Mei

Nimefanya upumbavu, na nitauandika.

Nililala nikapanga: sitaonja, na yeye hataonja. Nitapika kwa macho. Miaka kumi na tisa, sijui chumvi ya sufuria ya maharage ni kiasi gani? Viganja vitatu. Asubuhi nikatia kijiko mfukoni mwa aproni, nikafunga kifungo. Wifi akaona, akageukia kabichi yake.

Nisichokuwa nacho kichwani ni kwamba Bwana Stoo wiki hii ametoa chumvi ya gunia jipya, ile laini kama unga, si ile ya mawe. Kiganja cha hiyo laini kinabeba karibu mara mbili. Ulimi ungejua kwa kijiko kimoja. Macho hayakujua kitu.

Wa kwanza kurudisha sahani alikuwa mlinzi. Wa pili wanawake wa maganda, watano kwa pamoja. Kisha ikawa mstari, foleni ya kurudi, ndefu kuliko ya kuja. Sahani mia tatu, wali umelowa maharage yasiyolika. Fundi wa sponji peke yake alikula yake mpaka mwisho, akanywa maji vikombe vitatu, akaniambia asante mama. Nilimchukia kwa huruma ile.

Meneja akaja. Aliuliza swali moja tu, nani alionja. Nikasema hakuna. Akauliza kwa nini. Ningemweleza nini? Akamwangalia Wifi, akaniangalia, akashusha ile sauti yake laini. Akasema kuanzia kesho anayeonja ndiye anayejibu, na kwa kuwa mimi siwezi kuonja mpaka nitakapopasuliwa, Wifi ndiye atakayejibu. Kwa muda tu, akasema. Nimefanya kazi chini yake muda mrefu wa kutosha kujua "kwa muda tu" ina urefu gani.

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na neno mdomoni: nitaonja, liwalo na liwe, goti libaki. Nikaliangalia goti. Nikawaza mwaka ujao nikiwa nimekaa nyumbani na kabati lile la chumvi na kiberiti. Nikafungua kifungo cha aproni.

Wifi hakupokea kwa mikono miwili safari hii. Alinyoosha mmoja, kama mtu anayepokea chake.

Ijumaa, 3 Mei

Ubaoni: Uji kikombe. Wali nusu kikombe, maharage upawa mmoja. Jioni mkate na chai.

Hakuna aliyerudisha sahani.

Jumatatu, 6 Mei

Tisini na nane. Bwana Stoo amerudisha sauti yake ya magunia.

Alhamisi, 9 Mei

Sasa mimi ndiye nakata kabichi. Wifi kaniletea kiti kile nilichokisukuma, na safari hii nimekikalia, maana kukata kabichi ukiwa umesimama kwa goti hili ni kujionyesha tu. Kutoka kwenye kiti jiko linaonekana tofauti. Unaona mgongo wa mpishi. Unaona mkono wake unaingia mfukoni, unatoka, kijiko kinapanda. Nimemwona Wifi akionja maharage mara tatu tu, ambayo mimi nilikuwa nayaonja mara saba. Mara tatu, kisha anafunika.

Nilikuwa nikiamini naonja sana kwa sababu nina uangalifu.

Jumatatu, 13 Mei

Tisini na saba. Mvua zimeanza kupungua. Fundi wa sponji kaniuliza kama kampuni imebadilisha muuza maharage, maana siku hizi yana ladha. Hakukusudia ubaya. Nikamwambia ndiyo, wamebadilisha.

Ijumaa, 17 Mei

Binti yangu amekuja kunichukua. Nilimweleza yote: bakuli, vidole, kiganja cha chumvi. Nilitaka aseme shangazi yake ana roho mbaya. Akafikiri, akasema, "Mama, kwani hukumpiga?"



Jumatatu, 20 Mei

Tisini na sita. Wanawake wa maganda wamekuja kunipongeza, wote watano, wameniletea hata kitambaa cha kilemba. Mmoja wao macho yalikuwa hayatulii. Huenda ni yeye aliyeandika neno lile, huenda si yeye. Nimekipokea kitambaa. Sina nguvu ya kumjua.

Jumamosi, 25 Mei

Nimekumbuka. Nilikuwa napanga nguo za kwenda nazo hospitali, ikanijia yenyewe. Uji ulikuwa kwenye sufuria ya bluu, ile iliyokuja kutoboka. Wifi alikuwa na wiki mbili kazini, bado amevaa viatu vilivyokatika kamba. Alionja kwa ncha ya kidole, wala si kwa kijiko. Alikuwa na njaa. Nilijua ana njaa, alikuwa analala sebuleni kwangu na alitoka bila kula ili watoto wa nyumbani wapate. Na nilimpiga, si kwa ajili ya sheria. Nilimpiga kwa sababu wale wanawake wa vyombo walikuwa wanatazama na nilitaka waone jiko ni la nani.

Sikumwambia mtu. Naandika humu.

Jumatatu, 27 Mei

Tisini na tano. Kamili. Bwana Stoo alipiga kelele mpaka kwenye mashine wakasikia.

Jumatano, 29 Mei

Mizani ya hospitali ni ya kioo, haina mshale wala msomaji. Tisini na nne na nusu. Daktari wa mifupa alinitazama tena kuanzia kilemba mpaka viatu, akasema hakutarajia. Nalazwa kesho kutwa. Nitatembea vizuri, kasema, miezi minne mitano. Nikamuuliza kama nitaweza kusimama siku nzima. Akasema bila shaka, akaniuliza nasimama wapi. Nikafungua mdomo kumjibu, nikajikuta namwambia kantini, si jikoni kwangu.

Meneja alikuwa ameshapiga simu nyumbani kunitakia heri. Kasema nisiwe na haraka kurudi. Jiko liko kwenye mikono mizuri.

Alhamisi, 30 Mei

Jua. La kwanza la siku nzima tangu Machi. Nimekuja kuaga tu, lakini nikakaa kwenye kiti nikakata kabichi, mikono haijui kuaga.

Saa sita kasoro, foleni ikiwa imeshajipanga na dirisha liko wazi, Wifi akaniita. Alikuwa amesimama pale ninaposimama mimi. Nilipokuwa nasimama. Akachovya kijiko kwenye maharage, akakipuliza, akanyoosha mkono kwangu mbele ya watu wote.

"Onja, wifi. Uniambie."

Sijui kama ilikuwa heshima au ilikuwa ni mwiko unarudi kwenye vidole. Nilimtazama usoni, sikuona kicheko. Nilitaka kumwambia kuhusu sufuria ya bluu. Nilikuwa na maneno yote, nimeyapanga tangu Jumamosi. Lakini foleni ilikuwa inatazama, na mimi mbele ya watu sijawahi kujua kusema jambo la namna hiyo. Nikafungua mdomo, akanilisha.

Nilitafuta kosa. Nitaliandika hili maana daftari ni langu. Nililizungusha lile haragwe kwenye ulimi nikitafuta kosa lolote, chumvi imezidi, kitunguu kimekaa kibichi, moshi. Hakukuwa na kosa. Yalikuwa mazuri. Yalikuwa mazuri kuliko yangu, na ilikuwa imemchukua wiki nne.

"Chumvi imekaa," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akafunika sufuria, akaanza kupakua.

Nikaenda ubaoni. Chaki ilikuwa imebaki kipande cha kushikia kwa kucha. Chini ya uji wangu wa asubuhi nikaandika: Maharage, kijiko kimoja. Kuonja niliita kazi, na kazi sikuwahi kuiandika pale. Fundi wa sponji akasoma kwa sauti ili walio nyuma wasikie, na hakuna aliyecheka.